Kocha wa Muda na Kaka Yake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo najikuta napapasa kichwa upande wa kushoto. Ni asubuhi niliyotoka kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu, kitambaa bado kimefungwa shingoni, nikasimama nje ya kibanda chake hapa Kilole, Korogwe, na kupiga simu redioni kumsema mdogo wangu. Habari hiyo nimekaa nayo miaka mingi. Wadogo zangu wanaijua, kinyozi anaijua. Sasa nataka na wewe uijue, kwa sababu juzi nilikusikia ukibishana na wenzako kuhusu huyu kocha mzawa aliyepewa timu kubwa kwa muda, na maneno mliyokuwa mkiyasema nayafahamu vizuri. Niliwahi kuyasema mimi.

Kwanza ujue sisi ni nani. Kwetu ni Mazingara, Handeni. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mahindi aliyoyapanda hayajakomaa. Tukabaki watatu: mimi mkubwa, Salehe anayenifuata, na Zaina wa mwisho. Nilikuwa kidato cha pili. Mjomba mmoja alitaka kutugawa, huyu aende huku na yule kule, nikakataa. Niliacha shule, nikawachukua wadogo zangu tukahamia Korogwe, nikaajiriwa kukata mkonge. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini pia hakuna aliyeniuliza mimi mwenyewe nilitaka kuwa nani.

Nilitaka mpira. Shamba letu la mkonge lilikuwa na timu, na kwa kuwa sikuwa mchezaji wa ajabu lakini nilikuwa naona makosa ya kila mtu, wakanifanya kocha. Wachezaji waliniita Mwalimu. Fikiria, mtu aliyeishia kidato cha pili anaitwa mwalimu na wanaume wazima wenye ndevu! Jina hilo lilinikaa vizuri kuliko shati lolote nililowahi kuvaa.

Mabeki wangu walikuwa na ugonjwa wa kila mmoja kukimbia kivyake. Siku moja nikachukua kamba ndefu ya katani, nikawafunga wote wanne viunoni, hatua sita kati ya mtu na mtu, nikawaambia wacheze hivyo hivyo. Mmoja akipanda mwenzake akabaki, wanavutana, wanaanguka. Watu walikuja kutoka Mashewa kututazama na kucheka. Baadaye wakaacha kucheka, maana tulikuwa hatufungiki.

Salehe alipomaliza shule nilimfanya msaidizi wangu. Kila nilichokijua nilimpa. Ilipotangazwa kozi ya makocha Tanga tukaenda wote wawili, tukafaulu, na nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sauti: mimi nilimzidi alama. Tulipokwenda kujiandikisha kwa kozi iliyofuata, yule aliyekuwa mezani, mtu mpole kabisa, akaangalia karatasi zangu akauliza cheti cha kidato cha nne. Sikuwa nacho. Akalifunga faili taratibu, akasema, "Kaka, huyu mdogo wako atatosha. Mwache aende."

Nikamwacha aende. Nilijisikia fahari, sikatai. Lakini kuna kitu kingine kiliingia moyoni mwangu mezani pale pale, kikakaa kimya kikinisubiri.

Salehe akapanda. Kozi baada ya kozi, timu baada ya timu, mpaka akawa kocha msaidizi wa klabu kubwa ya Dar es Salaam. Klabu sitaitaja, maana nikiitaja nusu yenu mtaacha kunisikiliza na nusu nyingine mtaanza kushangilia. Nilikuwa nafuatilia kila habari yake, na kila habari ilikuwa inanichoma kidogo. Nikiona picha yake gazetini natazama kwanza suti ya michezo aliyovaa, halafu filimbi shingoni, halafu ndiyo uso wake. Watu wakinipongeza njiani nasema, "Tunamshukuru Mungu." Nikifika nyumbani naketi na kuuliza: hivi anachokijua yule kuna ambacho sikumfundisha mimi?

Ndipo klabu ile ikamfukuza kocha wake wa kigeni, katikati ya msimu, na timu akaachiwa Salehe. Kocha wa muda. Akaanza kushinda. Redioni kukawa hakuna habari nyingine: apewe moja kwa moja au aletwe mwingine kutoka nje? Kiongozi mmoja akatangaza kwamba Jumamosi wanacheza na watani zao, na baada ya mechi hiyo kamati itaamua. Nchi nzima ikajua kwamba kazi ya mdogo wangu iko juu ya mechi moja.

Alhamisi yake asubuhi nikawa kwa Mhando kinyozi. Redio yake ilikuwa dirishani, kipindi cha michezo kimepamba moto. Kwenye benchi alikuwa ameketi Mzee Mhina, dereva mstaafu wa trekta la shamba, anasubiri zamu yake. Mhando alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa changu wakati mtangazaji alipoweka mahojiano na Salehe.

"Mwalimu Salehe," mtangazaji akauliza, "tumewaona mabeki wako mazoezini wamefungwa kamba viunoni. Maarifa haya umeyatoa wapi?"

Na mdogo wangu, kwa sauti ya utulivu, akajibu, "Nimejifunza kwa kocha aliyeondoka. Wenzetu wa Ulaya wameendelea sana."

Mhando akazima mashine. "He! Si ile kamba yako, Mwalimu?"

Mzee Mhina akacheka mpaka akakohoa. "Kamba yake gani tena? Hiyo imeshapata pasipoti, Mhando. Ni Mzungu sasa."

Mwanangu, sijui kama umewahi kuona wivu. Watu wanausema kama ni kitu cha moyoni, lakini mimi nilihisi masikio yanapata moto. Mtangazaji alikuwa anataja namba ya simu kwa wasikilizaji. Nikainuka na kitambaa changu shingoni, nikatoka nje, nikapiga. Siku nyingine zote unapiga namba ile mpaka kidole kinachoka. Siku ile ikapokelewa mara ya kwanza.

"Haloo, nani mwenzetu na unapiga kutoka wapi?"

"Baba Rama, Handeni." Sina mtoto anayeitwa Rama.

"Baba Rama, punguza sauti ya redio yako hapo, unasikika mara mbili."

Nikasogea mbele hatua chache. Haikuwa redio yangu, ilikuwa ya Mhando, dirishani nyuma yangu. Nikasema, "Mimi nataka kuzungumzia huyu kocha wa muda. Tusidanganyane. Timu kubwa inataka mtu mwenye jina. Huyu sisi tunamjua tangu huku kwetu, alikuwa na timu ya shamba la mkonge. Siku ya fainali hapa Handeni alishikwa na hofu, wakati wa mapumziko akaenda akajifungia chooni."

Mtangazaji akaangua kicheko. "Chooni, Baba Rama?"

"Chooni. Na komeo akafunga kwa ndani. Sasa mechi ya Jumamosi hiyo, kelele zile, ataziweza?"

Nikakata simu. Niliporudi ndani, Mhando alikuwa amesimama na mashine yake mkononi, haijawashwa. Mzee Mhina alikuwa anaangalia sakafu. Hatimaye akasema, "Huyo Baba Rama wa Handeni ana sauti inayofanana na yako sana." Mhando akasema, "Kaa basi tumalizie huu upande mwingine." Sikukaa. Nilimrudishia kitambaa chake, nikaenda kazini nimevaa kofia.

Sasa nikuambie ambayo Baba Rama hakuyasema. Fainali ile ya Handeni, Salehe alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi ndiye kocha, lakini malaria ilinilaza asubuhi ile, nikamwambia aongoze yeye. Mapumziko tulikuwa nyuma kwa bao moja, na wachezaji wenye umri wa kumzaa walikuwa wanamfokea. Ni kweli alijifungia chooni, na wachezaji hawakujua alikokwenda. Nikainuka nilipokuwa nimelala kando ya uwanja, nikaenda kumfuata, ninatetemeka kwa homa, nikaongea naye mlangoni. Nilimwambia, "Toka mdogo wangu, timu inakungoja." Akatoka. Akabadilisha watu wawili, tukashinda. Kombe alilibeba yeye mpaka Korogwe. Zaina tulimsimulia, tukacheka watatu, tukakubaliana habari ya chooni iishie kwetu.

Nilisema nusu, mwanangu. Hakuna neno moja la uongo katika nusu ile, na ndiyo sababu ilimwumiza zaidi.

Kufika Ijumaa, mtangazaji yule alikuwa ameshaifanya kichekesho cha kipindi. Jumamosi mashabiki wa watani walikwenda uwanjani na makopo ya plastiki ya chooni. Mimi nilikuwa nyumbani na redio yangu. Kila timu ya Salehe ilipopoteza mpira, uwanja uliimba, "Mwalimu, toka chooni!" na mtangaza mpira akawa anacheka waziwazi. Mke wangu, aliyekuwa hajui lolote, akasema, "Hao watu wana roho gani?" Mechi ikaisha sare. Salehe alipohojiwa alisema wachezaji wake wamejitahidi, basi.

Jumatatu kamati ikatangaza kocha mpya kutoka nje. Salehe akarudishwa usaidizi, kupanga koni.

Utaniuliza kama ni simu yangu iliyomnyima. Sijui. Wapo walioniambia kwamba mgeni alishakata tiketi hata kabla ya mechi, na kwamba mzawa angeshinda mabao manne wangesema watani walicheza vibaya. Huenda ni kweli. Lakini ninalolijua ni hili: walipotafuta sababu, waliikuta iko tayari, na aliyeitayarisha ni mimi. Na nikuambie lililo baya zaidi, kwa kuwa nimeamua kusema yote. Taarifa ile iliposomwa, kabla sijasikitika, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya muda mfupi kama kupepesa jicho. Lakini niliiona.

Jioni hiyo Zaina akapiga simu kutoka Handeni, anakofundisha shule.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Hujambo?"

"Mimi sijambo. Baba Rama hajambo?"

Nikaizima redio.

"Kaka, habari ya choo tulikuwa tunaijua watu watatu. Mimi sijapiga simu redioni. Salehe hawezi kujisema mwenyewe. Nakusikiliza."

Mimi ndiye niliyezoea kumwuliza yeye maswali ya namna hiyo, nani kavunja, nani kachukua, na kumsubiri ajibu. Akasubiri kama nilivyomfundisha. Kisha akasema, "Dua ya wazazi ni wiki mbili zijazo. Yeye atakuja. Na wewe uje," akakata.

Kila mwaka tunakutana Mazingara kuwasomea wazazi wetu dua, na kabla ya dua tunakwenda kufyeka makaburi. Kuna desturi niliyoiweka mwenyewe tangu tuko wadogo: kabla ya kusoma, aliyemkosea mwenzake aombe radhi. Miaka yote hiyo walikuwa wanaombana radhi wao wawili na kuniomba mimi. Mkubwa hakuwahi kuomba. Nilikuwa naona ndivyo inavyotakiwa.

Salehe akaja. Akanipa shikamoo kwa adabu ile ile, akanipokea mfuko. Ingekuwa afadhali anitukane. Asubuhi tukaenda makaburini wawili, kila mmoja na fyekeo lake, tukafyeka kwanza upande wa baba. Tulipofika kwa mama nikasimama.

"Ni mimi niliyepiga," nikasema.

"Najua."

"Zaina kakwambia?"

"Zaina hakuniambia kitu. Kaka, umenilea kwa sauti hiyo. Tulikuwa kwenye basi la timu tunaelekea mazoezini, dereva kaongeza redio. Ulipofungua kinywa tu, nikawaambia wachezaji, nyamazeni, huyo ni kaka yangu." Akafuta jasho. "Nilidhani unapiga kunitetea."

Niliweka fyekeo chini. Nilimwomba radhi mdogo wangu mbele ya mama yetu, na sikuongeza neno la kujitetea. Lakini baadaye kidogo, wivu wangu ukanishinda tena, nikamwuliza, "Na wewe kwa nini ulisema kamba ni ya Mzungu?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Kaka, ningesema nini? Kwamba nimefundishwa na mkata mkonge wa Korogwe? Wangeniachia timu hata siku mbili? Kamba ile ikitoka kwako ni kichekesho. Ikitoka Ulaya ni utaalamu. Nilitaka kwanza wanipe kazi, halafu nikishakaa vizuri ningekutaja."

"Ungenitaja?"

"Nilishaliandika jina lako kwenye karatasi niwaombe wakulete uwe mwangalizi wa vijana. Karatasi sikuipeleka. Nani anapokea karatasi ya kocha wa muda?"

Sikuweza kumtazama. Yeye akaendelea kufyeka, akaniambia habari za yule mgeni. Alikuwa ameanza kwa kufungwa mechi mbili mfululizo.

"Wamesemaje?" nikamwuliza.

"Wamesema apewe muda, hajazoea joto la Dar."

"Na wewe ulitoka sare moja."

"Mimi joto nimezaliwa nalo, kaka. Sikuwa na cha kuzoea."

Tukacheka. Tulicheka mpaka Zaina akatuita kutoka nyumbani tuache kupiga kelele makaburini. Kisha kicheko kikaisha, na Salehe akasema neno ambalo sijalisahau: "Nimekusamehe. Lakini siku nikishinda usinipongeze haraka. Nipe nafasi nijifunze tena kukuamini."

Leo Salehe ni kocha mkuu wa timu moja ya bara, timu ndogo inayocheza kwa heshima. Kila kiti cha klabu kubwa kikiwa wazi, jina lake linasomwa redioni pamoja na majina mengine, halafu linapotea, na hakosekani mtu wa kukumbusha yale makopo. Tunapigiana simu kila Ijumaa. Pongezi zangu sasa anazipokea. Nami nilimweleza kila kitu mke wangu, na nilirudi kwa Mhando nikamwambia kwa kinywa changu kwamba Baba Rama ni mimi. Alisema alikuwa ananisubiri.

Sasa nisikilize, wewe unayefundisha vijana mpira, na wewe unayepiga simu kwenye vipindi, na wewe unayeandika kwenye simu yako jina la mtu aliyepewa timu jana.

Sikuombi umpende kocha kwa sababu ni mzawa. Wapo wazawa wasioijua kazi, na wapo wageni waliotufundisha mengi kwa moyo safi. Ninachokuomba ni kipimo kimoja. Siku unazompa mgeni azoee, mpe na mzawa. Sare unayomvumilia huyu, mvumilie na yule. Na ukiambiwa mtu ni wa muda, jiulize huo muda una siku ngapi, na nani aliyezihesabu.

Ukijifunza jambo kwa mtu wa kwenu, mtaje hata kama watacheka. Salehe naye ana kosa lake hapo, na amelikubali. Tukiendelea kuficha tulikojifunzia, watu wataendelea kuamini kwamba hapa hakufundishwi kitu.

Na ukiona wivu, usijidanganye kwamba wewe huna. Mimi bado ninao. Salehe akionekana kwenye televisheni amesimama pembeni ya uwanja, miguu yangu inataka kusimama pale. Nimeacha kungoja wivu huo uondoke, nimejifunza tu kutoupa simu mkononi. Moyo ukichemka, nyamaza mpaka upoe. Na ukilazimika kusema habari ya mwenzako, isimulie yote: sema alijifungia, na sema alitoka akashinda.

Mungu akupe kazi unayoiweza, mwanangu, na akupe siku za kutosha za kuionyesha. Na mwenzako akipewa kabla yako, Mungu akutie nguvu ulitaje jina lake kwa uzuri, jina lake kamili, ukiwa umetaja na lako la kweli. Amina.